Nilitumika kwa Nguvu

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bwana Reginaldi. Mchungaji Sebineza na wazee wa kanisa mliotupa ukumbi huu hapa Whitehall, ubavuni mwa Columbus. Wazazi mliosafiri kutoka Louisville, akiwemo baba yangu, mzee Liberati. Na ninyi wakalimani mnaohitimu, wenye siku hii: nawasalimu kwa heshima.

Kuna sauti moja imekaa masikioni mwangu tangu majira ya baridi. Si kilio, wala si kelele. Ni pumzi ya mwanamume, ndefu, ya mtu anayetua mzigo, na baada yake neno moja: "Ndiyo." Niliisikia nikiwa mezani pangu hapa Columbus, kwa sababu kazi yangu katika kampuni yetu ni kusikiliza rekodi za wakalimani na kupima ubora wao. Mama yangu husema kazi ya kusikiliza watu wakiongea yeye angeifanya bure, na angeshakuwa meneja. Mwanamume yule alikuwa mbele ya jaji wa uhamiaji huko Buffalo, akiomba hifadhi. Alipumua vile kwa sababu aliamini kwamba hatimaye ameeleweka.

Anaitwa Cubaka, na ameniruhusu nimtaje. Alikuwa ameeleza jinsi waasi walivyomteka njiani, kule Kivu ya Kusini, wakambebesha unga na risasi zao msituni mpaka alipopata nafasi ya kutoroka. Alimaliza hivi, kwa Kiswahili cha kwao: "Nilitumika kwabo kwa nguvu."

Ndugu zangu wa Kongo, naona mmeshaelewa. Kwenu kutumika ni kufanya kazi. Lakini mkalimani wetu alilelewa kwenye Kiswahili cha darasani, kama mimi, na kwetu aliyetumika jeshini ni aliyehudumu jeshini. Na ile "kwa nguvu", ambayo Cubaka alimaanisha kulazimishwa, mkalimani aliisikia kuwa bidii. Kwa hiyo jaji aliambiwa kwa Kiingereza kwamba mtu huyu alihudumu katika kundi la waasi, tena kwa bidii. Jaji akataka kuhakikisha. Mkalimani akalitafsiri swali: "Ni kweli ulitumika kwao?" Hapo ndipo ilipotoka ile pumzi, na ile "Ndiyo."

Jaji aliamua kwamba askari wa waasi hastahili hifadhi. Akaamuru arudishwe.

Mnaweza kuuliza mimi nilijuaje. Tulipofika Louisville, mtaa wa Iroquois, jirani yetu alikuwa Mama Kavugho kutoka Butembo, Kongo. Jioni moja alimwambia mama, "Leo natumika usiku." Mimi, mtoto niliyetoka kambini Tanzania na Kiswahili changu cha shule, nikaangua kicheko: "Unatumika? Kwani wewe sabuni?" Hata hakugeuka. "Eh, mutoto ya Tanzania! Baba yako asipotumika, utakula ile Kiswahili yako safi?" Baba yuko pale, aliyaona, alicheka mpaka akakaa chini.

Leo sicheki. Chuoni nilisoma Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, unaokataza kumrudisha mtu mahali ambapo uhai au uhuru wake utakuwa hatarini. Niliupenda, nilidhani maneno yaliyosainiwa na mataifa mengi kiasi hicho yana miguu yao wenyewe. Hayana. Yanamfikia mtu kama Cubaka kupitia kinywa cha mkalimani aliyekaa nyumbani kwake na simu sikioni, na kinywa hicho kikikosea, ni sheria gani iliyobaki mezani? Jaji angejuaje? Wakili angejuaje? Cubaka mwenyewe, aliyemaliza ushahidi wake akishukuru, angejuaje? Aliyejua alikuwa mtu mmoja, mwenye rekodi masikioni na mkataba wa kutunza siri aliousaini siku ya kuajiriwa.

Nilikwenda kwa Bwana Reginaldi. Nasema mbele yake ili anisahihishe nikipotosha. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na hakunifokea. Alifunga mlango, akasema, "Ange, binti yangu, sisi ni daraja. Daraja halitoi ushahidi." Nikamwambia mtu huyu atarudishwa msituni. Akasema, "Tukikiri kosa hili moja, mawakili watataka kufungua mangapi?"

Mheshimiwa, swali lako lilininyima usingizi kuliko jibu lolote. Mangapi? Kwenye mfumo wetu lugha imeandikwa "Kiswahili", basi. Hakuna mahali pa kuuliza ni cha Bukavu au cha Kigoma. Naomba pawepo. Naomba mkalimani aruhusiwe kusimamisha kesi na kusema, "Neno hili sijui maana yake kwao," bila kukatwa alama. Ninyi mnaohitimu, wengi mtaajiriwa na kampuni hii, na najua ninawaharibia sherehe. Lakini mkiulizwa mnachokilinda, msijibu ni kampuni.

Juzi niliendesha gari hadi Buffalo, East Side, nyumbani kwa mke wa Cubaka, Cibalonza. Alifungua mlango nusu. "Bon, wewe ndiye dada wa kampuni?" Nikasema ndimi. "Umekuja kuomba musamaha, ao umekuja kusema?"

"Nimekuja kusema, mama."

Cibalonza akaufungua mlango wote. "Donc ingia. Lakini utakula kwanza. Mutu mwenye njaa anasemaka vibaya."

Nilikula. Kisha tukaenda wote wawili kwa wakili wao, kwa sababu muda wa rufaa unakwisha wiki hii na Cubaka bado yuko kizuizini.

Baba, hili sikukwambia kwenye simu, na unisamehe kwamba unalisikia pamoja na wageni. Mheshimiwa Mkurugenzi, barua yangu ya kuacha kazi iko mezani kwako tangu asubuhi. Mbele ya wakili yule nilikula kiapo, nikaeleza neno kwa neno nilichokisikia na maana yake, nikatia saini kwa jina langu kamili, nikijua nimevunja masharti ya kampuni na naweza kushtakiwa. Maelezo hayo yaliingizwa kwenye rufaa ya Cubaka jana mchana, na siwezi tena kuyaondoa.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza mpaka hapa.