Rozalia Haule, Mtani wa Bustani ya Mikungu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Rozalia Haule atakabidhi filimbi na funguo za Bustani ya Mikungu baada ya kuilinda kwa miaka ishirini na sita. Wengi wetu katika idara ya bustani ya manispaa tulimkuta kazini. Waliomwajiri walishastaafu, na baadhi yao tumeshawazika.

Alikuja Mtwara kutoka Songea akimfuata mumewe, mwalimu, akaanza kazi kama mfagiaji. Ulinzi aliupata kwa sababu mlinzi aliyekuwapo alikimbia. Enzi hizo, msimu wa korosho ukifika, bustani iligeuka kilabu kisicho na leseni. Uraka, ile pombe ya mabibo, uliletwa kwenye madumu ya njano tangu asubuhi, na alasiri pale kwenye bembea za watoto palikuwa na matusi, matapishi na ngumi. Akina mama walivuka barabara ili wasipite karibu. Mgambo waliwafukuza walevi kwa virungu, na kesho yake walevi wakarudi na hasira juu.

Mama Haule hakuwahi kushika kirungu. Yeye ni Mngoni, na wanywaji wengi wa pale walikuwa Wayao, yaani watani wake tangu vita vya mababu. Basi utani akaufanya kitendea kazi. Aliwaendea akiwaita mateka wa babu yake, akawauliza nani amewaruhusu kupumzika, akanyanyua dumu na kumwagia miti. Mtu mwingine angepigwa. Yeye walimcheka, wakamtukania ukoo wote wa Kingoni, kisha wakajikung'uta wakaondoka, kwa sababu mtani huwezi kumkasirikia. Mgambo mwenzetu Isaya, Mhaya wa watu, alijaribu maneno hayo hayo. Alirudi ofisini bila kofia, mdomo umevimba, maana hakuna aliyejua utani wake umetokea wapi.

Hakuwa na upendeleo pia. Mkuu wa idara mmoja alichelewa kutoka akiongea na simu, Mama Haule akamfungia ndani kama mlevi mwingine yeyote.

Mtani wake mkubwa alikuwa Zuberi, aliyepakia magunia ya korosho bandarini mpaka mgongo ukamshinda. Zuberi alikunywa sana, na makazi yake yalikuwa benchi la karibu na bembea. Kila asubuhi Mama Haule alimwamsha kwa kejeli, naye alimjibu kabla hajafumbua macho. Miaka mitatu iliyopita malalamiko ya wananchi yalizidi, na vikaoni likaja wazo la kuifunga bustani kabisa na kuifanya maegesho ya malori. Ni katika siku hizo Mama Haule alipomkuta Zuberi amelala benchini, akaanza kumtania kama kawaida. Alimwita mvivu. Alimuuliza kama anasubiri Wangoni waje kumbeba. Zuberi hakujibu. Tuliokuwa jirani tulimsikia Mama Haule akirudia maneno yale yale, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kabla ya kufungua kanga yake kiunoni na kumfunika.

Msibani kwa Zuberi, kule Likombe, watani walikuwa na kazi yao. Jeneza lilipotaka kutolewa nje, Mama Haule alikaa mlangoni akanyoosha miguu. Akasema mateka hatoki mpaka mtani alipwe. Wazee wakacheka na kumtolea sarafu kama ilivyo ada. Akazisukuma pembeni. Alichodai ni bembea: wote waliokunywa na marehemu waahidi, mbele ya jeneza, kwamba hawatakunywa tena pale watoto wanapocheza. Alikuwa akitania huku machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua acheke au alie. Bakari, rafiki wa marehemu, ndiye aliyeitikia kwanza. Wenzake wakafuata. Ndipo akakunja miguu, Zuberi akapita.

Nisidanganye, si wote walioacha pombe. Wengi walihamia kilabuni, na Bakari mwenyewe bado anayumba. Ila pale kwenye bembea hapakunywewa tena, na habari ya maegesho ikafa. Siku ya Idi sasa ukichelewa hupati pa kukaa. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya taa mpya zilizowekwa bustanini. Taa zilisaidia, lakini mimi nilikuwapo mlangoni siku ile.

Idara inamshukuru Bi. Rozalia kwa utumishi wake, na kwa kuwaona walevi kama watu hata alipokuwa akiwafukuza. Tutamkosa sana, na sioni aibu kulisema.

Habari nyingine imetufikia. Bakari na wenzake wameapa kwamba siku ya kuagana watakaa getini, miguu wameinyoosha, na Mngoni hatoki mpaka alipe. Malipo wameshayataja: akaketi kwenye benchi la Zuberi, ambalo tangu asubuhi ile hajawahi kulikalia.

Walipe, Mama Haule. Kaa kidogo, utazame watoto wakibembea, kisha uende nyumbani kwa amani.