Eucabeth Awuor na Pua Iliyoijua Mvua

Wapendwa mliofika leo Jumamosi, tarehe 24 Mei 1958, poleni na asanteni. Anayewasomea ni Micah Obura, shemeji ya marehemu, kwa niaba ya familia.

Eucabeth Awuor alizaliwa Yala tarehe 12 Machi 1915, mtoto wa fundi wa reli, akaletwa Nakuru angali mdogo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaacha mwaka 1928 ili awalee wadogo zake. Tarehe 6 Agosti 1933 alifunga ndoa na Ogola, dereva wa trekta, wakajaliwa watoto watano, na wanne wako hapa.

Mwaka 1946 walihamia Keringet, akaajiriwa kuanika maua ya pareto, na hapo ndipo pua yake ilipojulikana, maana jua linawaka kweupe, yeye anainua uso, anawaambia wenzake waingize trei bandani, na kabla ya chai ya saa kumi, lo, mvua hiyo! Msimamizi wao, Kosgei, alimcheka wiki moja tu, kisha akawa haaniki ua hata moja kabla ya kumwuliza Awuor.

Lakini Jumapili, tarehe 9 Mei 1954, Micah Obura, huyu huyu anayewasomea, na mlio nyuma msinong'one, alisimama mbele ya wazee wa kanisa akamshtaki kwamba ni mganga wa kuita mvua, naye akazuiwa Meza ya Bwana mpaka atubu. Awuor alilia sana, ila mdomo wake haukushindwa, akawauliza wazee mtu anatubuje pua.

Machi mwaka huu uvimbe uliiziba pua hiyo, asinuse hata kitunguu, na tarehe 3 Aprili mvua ikanyesha bila hodi, pareto yote ikaoza kwenye trei, ndipo ikawa wazi kwamba Awuor hakuwahi kuiita mvua, aliinusa tu. Kwa hiyo mnaobishana kama binadamu anaweza kunusa mvua, acheni, anaweza.

Alifariki hospitalini Nakuru, Jumatano tarehe 21 Mei, saa tano asubuhi, angali amezuiwa Meza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa laini, zile nyumba za wafanyakazi shambani, wafanyakazi wenzake, na Kosgei aliyetafuta lori la kumleta marehemu kutoka hospitalini.

Micah aliona haya wiki saba nzima, akapanga kumwomba msamaha kanisani kesho, na kesho imechelewa. Basi leo, mbele ya wazee wale wale, anayafuta maneno yake yote. Hukuwa na kosa, shemeji. Pumzika kwa amani, mshiriki halali wa Meza.