Rra Mosweu na Pikapu Iliyotetemeka Kibanioni

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti, Rra, yaani Bwana, Ditiro Mosweu, fundi mkuu wa karakana ya Chama cha Wafugaji wa Mmasebele, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mwenyewe anadai ni thelathini na mitatu, kwa kuwa anahesabu na ile miwili aliyofagia karakana kabla ya kuajiriwa. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa ubishi katika jambo hilo, wala katika jambo jingine lolote, ila mara moja tu.

Alianza na injini za kusukuma maji visimani. Mwaka wa ukame mkubwa alihama kambi ya mifugo hadi kambi na sanduku la spana, analala palipomchwea, na ng'ombe wa nusu ya wilaya walikunywa maji kwa mikono yake. Baadaye akahamishiwa magari, na mwishowe akawa fundi mkuu. Unyenyekevu haukuwahi kuwa miongoni mwa sifa zake. Mwenyekiti wa zamani alipolazwa hospitali, Rra Mosweu alitangaza karakanani: "Mwenyekiti akiugua, mkutano unaahirishwa. Mimi nikiugua, chama kinafungwa." Mwenyekiti alipopona aliambiwa, akacheka, akamwongezea posho.

Kila anayefanya kazi hapa anakijua kikombe chake cha bati, cha kijani, kilichobanduka rangi mdomoni. Mafundi wengine humaliza kazi wakafuta mikono. Yeye hukijaza kikombe chai ya maziwa mpaka ukingoni, akakiweka juu ya boneti, akawasha injini na kuiacha iungurume gari likiwa limesimama, yaani silensa kama tunavyoiita hapa karakanani. Chai ikimwagika hata tone, gari halitoki. Gari la mwenyekiti mwenyewe liliwahi kurudishwa ndani kwa sababu ya chai, na mwenyekiti akaenda kwenye harusi kwa punda wa jirani.

Kikombe hicho ndicho kilichomponza, na hapo ndipo wasifu huu unapotaka kukaa kidogo. Wenzangu wameniomba niusimulie mkasa huo bila kuutia chumvi, kwa sababu dereva aliyehusika ndiye anayeandika.

Ulikuwa msimu wa chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo. Nilikuwa naendesha pikapu nyeupe iliyobeba friji ya chanjo, na friji hiyo inapata umeme kutoka kwenye injini. Tukifika kambini injini haizimwi. Inakaa kwenye silensa tangu ng'ombe wa kwanza anapoingia kibanioni, ule ujia mwembamba wa kumbana ng'ombe achanjwe, mpaka ndama wa mwisho anapotoka. Injini ikifa, chanjo inapata joto. Chanjo ikiharibika, ng'ombe hawachanjwi, na asiyechanja hauzi hata mkia.

Wiki hiyo injini ilianza kutetemeka. Tukiwa barabarani haikuwa na neno, lakini tukisimama kibanioni ilikohoa, ikapanda, ikashuka, mara ikazima kabisa. Nikairudisha karakanani. Kama ilivyo desturi, friji ilishushwa getini ikapelekwa stoo ya baridi, kisha gari likaingia kwa fundi. Rra Mosweu akawasha. Injini ikatulia kama mama mkwe kanisani. Akabadilisha plagi hata hivyo, akasafisha chujio la hewa, akapitisha sikio kwenye kila mpira wa hewa akitafuta penye kuvuja. Akaweka kikombe. Chai haikutikisika.

Nikarudi kambini, gari likatetemeka tena. Nikalirudisha, chai ikatulia tena. Mara ya tatu akachungulia nyuma ya pikapu, akaona kidumu cha mafuta ya taa nilichokuwa nikimpelekea mama yangu. Akakinusa. Akanusa na mdomo wa tangi, akaniita katikati ya uwanja, watu wote wakiwa wanakunywa chai ya saa nne.

"Phenyo," akasema, "gari likiwa kwangu ni zima. Likiwa kwako linaumwa. Huko visimani petroli haikosi mnunuzi, na mafuta ya taa hujaza pengo. Hili gari halina kosa. Kosa lina leseni."

Watu walicheka. Neno lilikuwa tamu, na neno tamu haliulizwi ukweli wake. Kufikia mchana lilishafika dukani, na jioni watoto walinisalimu nalo njiani. Meneja wetu, Mma Kelapile, hakucheka, lakini fundi mkuu alikuwa amesema. Nikaambiwa nikae nyumbani hadi kamati ikutane siku ya Jumatatu. Kwa kosa la kuiba mafuta, kamati haijawahi kumrudisha dereva. Nilikuwa na mama wa kumtunza na jina moja tu la kufanyia kazi, na lilikuwa limeshachafuka. Niseme wazi kwamba nilimchukia mtu huyu.

Tangi likamwagwa, likajazwa petroli mpya. Rra Mosweu akaamua kwenda kambini Dikgathong mwenyewe, ili wafugaji waone gari linavyokwenda likinywa mafuta safi. Waliokuwepo wanasema aliweka kikombe juu ya boneti kwa madaha, ng'ombe wakiwa wamepanga foleni. Chai ikatulia. Kisha mchanjaji akachomeka waya wa friji. Injini ikakohoa, kikombe kikacheza, chai yote ikamwagika kwenye suruali ya fundi mkuu.

Akachomoa waya wa friji. Injini ikatulia. Akauchomeka. Ikatetemeka. Wafugaji wanasema alirudia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayetumaini jibu litabadilika. Siku zote alikuwa amelipima gari bila mzigo wake. Akafungua kidude kidogo kinachoiongezea injini hewa inapoelemewa ikiwa kwenye silensa, akakikuta kimeganda masizi. Akakisafisha kwa kitambaa na petroli, akakirudisha, akawasha friji. Injini haikutetemeka tena mpaka ndama wa mwisho.

Sasa nataka msomaji afikirie. Pale hapakuwa na fundi mwingine. Kwa wafugaji ilikuwa gari limeharibika, gari limepona, basi. Angeweza kurudi akanyamaza, kamati ikakutana, na mimi leo ningekuwa nachunga ng'ombe wa watu.

Jumapili alfajiri, kabla jua halijatoka, alifika nyumbani kwetu na kaka yake mkubwa, kama inavyopasa mtu anapokuja kuomba radhi. Wakavua kofia, wakakaa kwenye vigoda vya chini. Akaeleza yote, pamoja na habari ya suruali. Mama yangu, Mma Letsididi, aliendelea kukoroga uji wake mpaka akamaliza.

"Rra Mosweu," akasema, "neno ulilimwaga uwanjani. Mbona unakuja kulizoa jikoni kwangu?"

Rra Mosweu akasema, "Mma, umesema kweli." Kwa mara ya kwanza na ya mwisho alishindwa ubishi, na aliyemshinda alikuwa ameshika mwiko.

Jumatatu, saa nne ya chai, kabla ya kamati, alisimama mahali pale pale alipokuwa amesimama. Akavua kofia. "Nilisema kosa lina leseni," akasema. "Nilidanganya. Kosa lilikuwa na spana. Phenyo hajaiba hata tone, na atakayemwambia neno lile tena, aje kwanza aniambie mimi." Safari hii hakucheka mtu. Kamati ilikutana kwa muda wa kunywa maji tu, na mchana huo nilikuwa nyuma ya usukani.

Tangu siku hiyo Rra Mosweu hajawahi kufungua boneti kabla ya kumketisha dereva kwenye kiti chake na kumuuliza: "Linasemaje, na linasema likiwa wapi?" Na gari la chanjo huingia karakanani na friji yake, iwe tupu au imejaa. Mafundi vijana wanaona ni utaratibu wa kawaida wa kazi. Ni vizuri wajue ulianzia wapi, na uligharimu nini. Mtu wa maneno mengi kurudisha neno lake mbele ya watu ni kazi nzito kuliko kushusha injini. Niliacha kumchukia siku ile, na kadiri miaka ilivyokwenda nikampenda.

Ubishi wake haukupungua, msidanganyike. Jumamosi anahamia kambini kwake ng'ambo ya Dikgathong, na amemwomba Mma Kelapile nimpeleke mimi. Nilipomuuliza kwa nini mimi, alisema madereva wengine watamwendesha kwa heshima, na yeye anataka kufika. Nimemwahidi kujaza tangi mafuta ya taa.

Rra Mosweu, chama chote kinakushukuru, na nyumba ya Mma Letsididi inakushukuru kivyake. Tunakuombea mvua za mapema, malisho yasiyokatika, na wajukuu wakaidi kama wewe, ili uonje. Jumamosi asubuhi pikapu itakuwa getini. Friji itakuwa imewashwa, na kikombe chako kitakuwa juu ya boneti, kimejaa mpaka ukingoni. Njoo ukinywe chote, hakuna tone litakalokuwa limemwagika.

Pula! Mvua na inyeshe!