Siku Teke Alipoomba Kukaa Nasi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, limeegemea ukuta unaopata kivuli kuanzia saa tisa alasiri. Mimi nauza kahawa mwisho wa benchi hilo, jiko likiwa chini na mwanangu akiwa mgongoni au kwenye mkeka nyuma yangu. Wananiita Kimya, kwa sababu naweza kumaliza birika zima bila kutoa neno, na sijawahi kulikataa jina hilo maana kulikataa kungenilazimu kusema. Anayekaa karibu nami ni kinyozi mwenyewe. Tunamwita Wembe, na ni ulimi wake uliompa jina, si kazi yake. Anayefuata ni Breki, dereva wa lori, ambaye akianza kuongea hasimami. Mwisho kule anakaa mzee Maelezo, fundi wa kujalidi vitabu aliyestaafu. Mzee ana kitabu kinene kinachofafanua Matendo ya Mitume mstari kwa mstari. Kilimfikia kikiwa kurasa zilizoachana tu, akakishona upya na kukipa jalada gumu la kitambaa cheusi, na kila jioni hutusomea kipande. Tulikuwa tumefika sura ya tisa, pale Sauli aliyekuwa akiwakamata waumini anapogeuka kuwa mmoja wao.

Siku hiyo Maelezo hakukifungua. Alikiweka magotini akakifunika kwa viganja.

— Kuna mtu ameniomba aje asikilize, alisema. Nimemwambia aje leo. Ila nimemwambia pia kwamba benchi si langu. Akikataliwa na mmoja wenu, nitainuka nikamrudishe pale kona.

— Mtu gani wa kuombewa ruhusa? Breki aliuliza. Hapa hata mbuzi wanalala.

— Teke.

Nilikuwa namimina. Kahawa ilijaa kikombe, ikashukia kisahani.

Teke alikuwa askari wa manispaa, wa kikosi cha kuwaondoa wachuuzi. Jina tulimpa sisi, kwa sababu hakuwa na subira ya kubeba vitu; kilichokuwa mbele yake alikipiga teke. Masika yaliyopita alilipiga jiko langu, birika likichemka. Mtoto alikuwa mgongoni, akasalimika. Kahawa yote ilinimwagikia mguu wa kushoto. Baadaye tukasikia kwamba ameacha kazi, ameokoka, anasali kanisa moja na mzee Maelezo, anakaa nyuma kabisa, na ibada ikiisha hutoka wa kwanza asije akalazimika kumpa mtu mkono.

— Hapana, alisema Wembe. Alikuwa akisafisha mashine ya kunyolea kwa mswaki wa zamani. Umesema mmoja akikataa, basi mimi ndiye huyo mmoja. Amchome huyu binti kwa kahawa yake mwenyewe, halafu aje hapa kuinywa?

— Hajasema atakunywa.

— Atakaa akitutazama tunavyokunywa? Hilo nalo ni baya zaidi.

— Wembe, usiwe na haraka, alisema Breki. Tusikie kwanza kitabu. Yule Anania aliyetumwa kwa Sauli, naye si aliletewa Teke wake?

Maelezo alivaa miwani. Hapo ndipo ninapompenda mzee huyu. Kurasa hazivuti kwa ncha ya kidole. Huziingizia ubapa wa kiganja kwa chini, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Kabla ya kitabu hiki mimi nilidhani mstari husomwa ukapita. Shuleni tulisoma hivyo, niliishia darasa la mwisho la msingi na tulikuwa tukisoma kwa sauti wote pamoja ili tumalize. Kitabu cha mzee hakitaki kumaliza. Kinasimama kwenye neno dogo, kinauliza nani, wapi, kwa nini, kinaleta mawazo ya huyu na ya yule, na mahali kisipojua kinasema wazi kwamba hakijui. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nikiamini.

— Anania alibisha, Maelezo alisema. Kwa adabu, lakini alibisha. Alimweleza Bwana sifa za Sauli kana kwamba Bwana hana habari. Mwandishi anasema tusimcheke. Sauli alikuja mjini Dameski na kibali cha kuwafunga watu, na Anania alikuwa mmoja wa watu hao. Kwa hiyo alitumwa kumwombea mtu aliyekuja kumkamata.

— Akaenda?

— Akaenda.

— Na nani?

— Hakuna mwingine aliyetajwa.

— Basi walifichwa, alisema Breki. Mzee, mtu haendi kwa Teke peke yake. Aliweka vijana nje. Aliwaambia, nikikawia, ingieni. Na ile barabara unasema iliitwaje?

— Nyofu.

— Unaona. Barabara imenyooka, unasimama mwanzo unaona mlango wa mwisho. Ilikuwa imepangwa.

— Kitabu hakisemi hivyo.

— Kitabu hakijawahi kuendesha lori.

— Mimi naona Anania hakuwa na mke, alisema Wembe. Angekuwa na mke asingefika popote. Angeamka akute viatu vimefichwa.

— Kuhusu mke nako hakisemi.

— Ndiyo maana nasema mimi. Na nikwambie lingine. Ule upofu uliompata Sauli njiani ulikuwa wa kujifanya. Siku tatu amelala pale kafumba macho, anasikiliza nani anaingia, nani anatoka, anashika sauti za watu. Mpelelezi yule. Akishawajua wote, magamba ya macho yanadondoka.

— Siku tatu hali wala hanywi, alisema Breki. Mpelelezi gani huyo? Wewe kahawa ikichelewa kidogo unamnyoa mteja upande mmoja.

Wembe alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Maelezo alifunua ukurasa mwingine. Nilimwona akisita, nikajua amefika mahali pasipomsaidia. Angeweza kuparuka. Hakuna kati yetu ambaye angejua. Badala yake alisoma polepole kuliko kawaida, kwamba Sauli alipofika Yerusalemu akataka kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa. Hawakusadiki kwamba ni mwenzao. Akatueleza kwamba Sauli mwenyewe anaandika kwingine kuwa hapo ilikuwa imeshapita miaka mitatu.

— Rudia, alisema Wembe.

— Miaka mitatu.

— Mitume wenyewe. Waliotembea na Bwana. Miaka mitatu na bado wanamwogopa. Huyu wetu hata mwaka hajamaliza tangu avue magwanda, na sisi si mitume. Asante, mzee. Umenisomea vizuri sana.

— Nimekusomea kilichoandikwa.

— Sasa malizia, alisema Breki. Si kuna Barnaba hapo?

— Yupo. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akamsemea.

— Kwa nini Barnaba hakuogopa?

— Mwandishi ametaja sababu kadhaa. Pengine alikuwa amepeleleza habari za Dameski. Pengine ndivyo alivyokuwa tu, mtu wa kuwatia watu moyo, hata jina hilo walimpa kwa ajili hiyo.

— Alikuwa na mwili, alisema Breki. Sikilizeni. Barnaba alikuwa pandikizi la mtu. Mtu wa mabega kama mlango wa ghala. Hofu ni ya wembamba. Alimshika Sauli kwapani, akamweka begani, akaingia naye mkutanoni, nani angesema kitu?

Tulitegemea Maelezo aseme kitabu hakisemi. Mzee alivua miwani, akaivaa tena.

— Kuna kitu kama hicho, alisema. Mbele, sura ya kumi na nne. Kule Listra watu walimdhania Barnaba kuwa mkuu wa miungu yao, na Paulo, ndiye Sauli huyuhuyu, msemaji wake tu. Mwandishi anasema huenda ni kwa sababu Barnaba alikuwa na umbo la kuheshimika.

Breki alisimama akazunguka benchi, akapeana mkono na kila mtu, hata mwanangu.

— Mabega hajayataja, alisema Maelezo.

— Hata begani hajakataa.

— Basi tutafutieni mwenye mwili, alisema Wembe. Barnaba wa hapa ni nani? Mzee na pumu yake?

— Nia ninayo, alisema Maelezo. Kimo ndicho sina.

Walicheka wote. Lakini Wembe aliweka mashine chini, sauti ikabadilika.

— Mnachekacheka, na mguu wa Kimya mnausahau. Mimi sikatai kwa ajili yangu. Duka langu hakuligusa. Nakataa kwa ajili ya mguu wa Kimya.

— Hilo ni kweli, alisema Breki, akaketi. Mguu wa Kimya ni jambo.

— Ni jambo, alisema Maelezo.

Wote watatu waliinamisha vichwa kwa heshima ya mguu wangu. Nami nilikuwa palepale, umbali wa mkono. Wangeniuliza, ningesema hapana; neno lilikuwa tayari mdomoni tangu jina lile litajwe. Usiku naota bado lile jiko likija. Hawakuniuliza, na mimi si mtu wa kudakia mazungumzo ya wakubwa.

Tulipoinua macho, Teke alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro.

Sikumtambua mara moja. Bila magwanda alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi vibaya kwenye kola. Maelezo alianza kuinuka, bila shaka kwenda kumrudisha, kwa kuwa mmoja alishakataa na mzee huyu neno lake halivunji.

— Shikamoo mzee, alisema Teke. Habari zenu, kaka zangu. Usisumbuke, mzee. Sijaja kukaa kwanza. Nina swali.

— La sura gani? Wembe aliuliza.

— Si la kitabu. Nilitaka kujua, yule dada, mguu wake ulipona?

Wembe alimtazama Breki. Breki alimtazama mzee. Mzee alitazama chini, kwenye kitabu, akakifunga. Wembe, aliyekuwa ameutaja mguu wangu jioni nzima, aligeuka akatazama upindo wa gauni langu, na gauni langu hufika hadi chini.  Mwanangu aligonga kikombe kwa kijiko.

— Niulize mimi, kaka, nilisema.

Sauti ilitoka kavu. Wote waligeuka kana kwamba ukuta umesema.

— Ngozi ilirudi. Viatu vya kufunga bado sivai. Nikikaa sana karibu na moto, mguu unawasha, na kazi yangu ni kukaa karibu na moto.

Teke alisikiliza hadi mwisho.

— Nisamehe, dada, alisema.

Nilingoja aendelee. Nilidhani atasema alitumwa na wakubwa, au shetani alimpitia, kama watu wanavyosema. Hakuongeza kitu. Alibaki amesimama, mikono imening'inia, na miguu yake aliibana pamoja.

Wembe aliinama kwangu.

— Sema tu hapana, mdogo wangu, alininong'oneza. Mimi niko hapa.

— Bado nakuogopa, nilimwambia Teke.

— Ndiyo, alisema.

— Kaa kule mwisho, karibu na mzee. Huku kuna birika.

Alivuka mtaro. Maelezo alijisogeza, Breki akajisogeza, na Wembe, kwa kuwa wote walisogea upande wangu, akabaki amebanwa kwenye ncha ya benchi, nusu ndani, nusu nje.  Maelezo alifungua kitabu pale alipoacha.

Nilimimina kikombe. Kumpelekea mwenyewe sikuweza. Nilimpa Wembe. Alikishika, akautazama moshi wake ukipanda, akakaa nacho hata nikadhani atakimwaga mtaroni. Kisha akampa Breki, Breki akampa mzee, na mzee akampa Teke.