Mama Mbu na Ngozi Iliyosahau Kuwashwa

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, mlezi wetu wa mbu, ambaye kituo kizima kinamwita Mama Mbu, atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya kazi, na siku hiyohiyo atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho. Alituomba tuandike kidogo na tusitie chumvi. La kwanza tumejitahidi.

Aliingia hapa kuosha vyombo vya maabara, na kwa kuwa hakuweza kupita mlango ulio wazi bila kuchungulia, haukupita muda akahamia chumba cha mbu. Ni chumba chenye joto na unyevu, kimejaa trei za viluwiluwi na vizimba vya wavu. Viluwiluwi aliwalisha chakula cha samaki alichokisaga upya mwenyewe, maana cha dukani alikiona kimesagwa ovyo. Waliokua aliwaita wanangu. Wanaume wa idara aliwakumbusha kila mara kwamba hata kwa mbu, madume hunywa maji ya sukari tu, kazi wanafanya majike.

Majike hao wanahitaji damu ndipo watage, na Mama Mbu aliwapa ya kwake. Mkono mmoja juu ya kizimba, wa pili umeshika kikombe cha chai, akisimulia habari za mtaani huku wanawe wakishiba. Mbu wetu wamezaliwa ndani na hawajawahi kumuuma mgonjwa, hivyo ni safi. Miaka ya mwanzo alivimba na kujikuna kama mtu yeyote. Baadaye ngozi yake ikazoea, ikanyamaza kabisa, naye akajisifu kwamba wanawe wamejifunza adabu.

Adabu hiyo ndiyo iliyotuponza. Daktari wetu mkuu alitaka kujua seli za kinga, zile zinazokimbilia mahali ngozi ilipotobolewa, zinafanya nini kwa mgonjwa wa malaria zikilinganishwa na za mtu mwenye afya. Mbu safi anauma, kinachukuliwa kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya mchele, kisha sisi wa chumba cha darubini tunazihesabu seli. Wagonjwa walikubali. Wenye afya walitukimbia, nani anataka kuumwa na mbu kwa hiari? Basi Mama Mbu akajitolea, akawaburuta na wenzake wote wa chumba cha mbu. Matokeo yakatupandisha vichwa. Ngozi za wagonjwa zilijaa seli, za wenye afya zilikuwa kimya. Tukatangaziana kwamba malaria inaiamsha ngozi kupita kiasi. Ripoti ikaandikwa, keki ikakatwa.

Jumapili iliyofuata Mama Mbu alikuwa amekaa barazani na mumewe, fundi cherehani. Mbu waliwauma wote wawili, lakini mzee peke yake ndiye aliyejikuna, mpaka akapandwa na hasira, akamuuliza mkewe kama ana ngozi ya mamba. Bibi alitaka kumjibu, akaishia kuutazama mkono wake mwenyewe. Kesho yake mkutanoni, mbele ya wageni, alisimama akasema wazi kwamba watu wetu wenye afya si watu wa kawaida, ni watu walioumwa na mbu mpaka ngozi zao zikachoka kujali, na kwamba aliyewaleta ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Daktari akasema tuanze upya. Mara ya pili tulitumia walimu na washonaji, na tofauti ikawa ndogo zaidi, ila ya kweli. Tunamheshimu Mama Mbu kwa mengi, lakini kwa siku ile tunampenda.

Hata hivyo, mganga hajigangi. Mwaka juzi aliugua malaria, nusura atutoke. Mbu wa nyumbani, wasio na adabu wala usafi, walimuuma asihisi lolote, na chandarua alikuwa amekifanya pambo. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwambia palepale kitandani: "Mama, ngozi yako haikupi tena habari." Daktari akampiga marufuku kulisha mbu, kazi ikapewa kifaa. Alinuna wiki nzima, akidai kifaa hakina mazungumzo.

Kilichotunyima raha ni kwamba anastaafia kwa dada yake, kando ya bwawa, kwenye mbu wa kila namna. Ngozi iliyosahau kuwashwa inaweza kukumbuka? Hatukujua. Kwa hiyo, kwa ruhusa ya Daktari, kila Ijumaa mbu mmoja safi alimuuma, nasi tukautazama mkono wake. Hakikutokea kitu. Mama Mbu alitutania kwamba tumekuwa kama wakwe wanaosubiri mjukuu, lakini alipoteremsha mkono wa koti hakuwa anacheka.

Ijumaa iliyopita, katikati ya chai, alianza kujikuna. Mwenyewe hakutambua, Daktari ndiye aliyeona. Kipele kimoja kidogo, kimevimba vizuri. Kipele kimoja si utafiti, na Daktari angetufokea tungekiita hivyo, ila yeye ndiye aliyetoka nje eti kufuta miwani. Mama Mbu alilalamika kwamba kinawasha vibaya mno. Hatujawahi kuyafurahia malalamiko yake namna ile.

Ahsante, Mama Mbu, kwa mkono wako na kwa ulimi wako. Kaa salama na dada, chomekea chandarua kila jioni, na siku zako zote zilizobaki, tunakuombea uwashwe.