Mzee Swedi Anastaafu, Aende Akanywe Dawa

Miaka thelathini na mitatu! Mzee Swedi Mushagalusa, mfunga vidonda wa zahanati yetu ya Rumonge, anastaafu leo tarehe 31 Julai 1971. Alianza mwaka 1938, kijana wa kuchemsha sindano. Mimi Mwamini, mfua bendeji, nimepewa kumwandikia kwa sababu wenye shule zaidi wamesema wana kazi nyingi. Haya.

Wavuvi wa Kabonga wenye ndoana vidoleni, wakwea michikichi wa Kigwena walioteleza, wote wamepita mikononi mwake. Dawa yake ni moja: iodini, ile ya kahawia, na burashi. Siku ya Uhuru mji mzima ulicheza mpaka watu wakachubuka. Yeye alikaa mlangoni na chupa, na kesho yake nusu ya Rumonge ikatembea na magoti ya kahawia. "Nchi ni mpya, ngozi ni ile ile," alisema.

Sasa nifike pale anapotuchosha.

Uvimbe wa shingo aliuficha kwa kitambaa miaka miwili. Mtu wa zahanati! Mwaka jana wakampasua Bujumbura: kansa ya tezi ya shingo. Akarudi anacheka, eti wameitoa, imekwisha. Januari picha ikaonyesha madoa kwenye mapafu.

Daktari wa Bujumbura akamkalisha na mkewe, Mama Zena, nami niliyewasindikiza nikiwa nimeshika mkoba. Akasema kisu kinaweza kurudi shingoni, lakini madoa ya mapafu hakiyafuati. Mashine ya miale inachoma mahali pamoja tu. Vidonge vya tezi atameza maisha yote, vitapunguza mwendo wa ugonjwa. Lakini Ubelgiji iko iodini nyingine, yenye miale, ya kunywa. Mabaki ya tezi yanapenda iodini. Popote yalipojificha yanaivuta, nayo inayachoma hapo hapo.

"Hakika atapona?" akauliza Mama Zena.

"Hakika siwezi kusema, mama. Nafasi iko, tena nzuri."

Ili mabaki yawe na njaa ya iodini, ilibidi Mzee aache vidonge wiki kadhaa. Uso ukamvimba, akawa anasinzia na bendeji mkononi, akavaa koti katika joto hili letu la ziwa. Tukavumilia sote. Mei, siku chache kabla ya safari, daktari akamfungua kola ampime. Shingo yote kahawia! Kila asubuhi alikuwa anajipaka iodini ya chupa.

"Kama ile ya Ubelgiji inasaidia, hii itadhuru nini?" alisema.

Daktari akashika kichwa. Mwili umeshiba iodini, ile dawa haitapata pa kuingia. Safari ikasogezwa miezi mitatu, vidonge vikaanza upya, vikaachwa upya. Mama Zena alimgombeza toka Bujumbura mpaka Rumonge, na barabara ile si fupi.

Ndiyo maana anastaafu leo, siyo Desemba alivyotaka. Mkuu wetu amemtaka akae mbali na kabati la dawa. Amebisha wiki nzima. "Sasa nani atafunga vidonda, wewe Mwamini?" Ndiyo, Baba, mimi. Kwani ulinifundisha kwa mchezo?

Anaruka tarehe 12 Agosti. Atakunywa, atakaa siku kadhaa katika chumba cha peke yake kwa sababu ya ile miale mwilini, na akirudi hatabeba watoto wadogo mpaka daktari aruhusu. Hilo limemuuma kuliko kisu, maana mutoto wangu Mariyamu analala kifuani kwake kila adhuhuri.

Mzee wetu, umetuchosha, na bado tunakutaka. Murakoze, asante sana kwa mikono yako. Tunakutakia maisha, tena marefu. Mariyamu ana miezi minane tu, kukungoja anaweza.