Chumba Kisicho na Panya

Kijiwe cha Point, mtaa wa bandarini, ni benchi moja la mbao, mguu wake wa nne ni tofali, na kahawa anayouza hapo Mama Epiphanie ni kali kiasi kwamba meli ikionjeshwa itatoka bandarini bila injini. Jumamosi ile, mwaka wa pili tangu Kombe la Dunia lichezwe nchini humu, Pontien alikaa katikati ya benchi na kikombe hakikugusa mdomo. Kabla ya saa sita mchana ilibidi amjibu wakala wa nyumba: anachukua chumba cha chini kwenye lile jengo la zamani, au anabaki kule anakoishi, ambako wiki jana panya alimng'ata binti yake Iteka kidole akiwa usingizini. Chumba kipya hakina panya hata mmoja. Ila jana, alipofunua kapeti, alikuta mbao, na chini ya mbao shimo la mviringo, kuta zimepigwa bati mpaka kifuani.

— Si itakuwa tangi ya maji? aliuliza.

— Tangi gani, petit, mdogo wangu! akaruka Eddy, mlinda magari anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Ile iko uwanja! Zamani Wazungu wa meli walimwaga panya elfu kumi humo, wanatupa mbwa mmoja, wanashika saa waone ataua wangapi. Mbwa mkubwa kama taxi ya kwenda Pinetown!

— Wacha uongo, Redio. Huyu alikuwa Crispus, Mkenya, ambaye kijiwe kilimwita Dokta miaka saba kabla chuo hakijampa udaktari. — Vilikuwa vijibwa vidogo. Kule Uingereza walikuwa wanafunga dubu na fahali kwa mnyororo, wanawaachilia mbwa. Serikali ikapiga marufuku, 1835. Sasa wacheze na nini? Panya. Nani atamlilia panya? Hiyo bati ni ili panya wasipande kutoka.

— Si umeona, petit? Dokta iko na mimi.

— Elfu kumi sijasema.

— Mbwa akichoka, wanashusha baharia! Mikono nyuma, anang'ata kwa meno!

Pontien hakucheka.

— Nilimulika na tochi, alisema. Bati inang'aa. Vumbi hakuna.

— Upepo wa bahari huo.

— Chini ya kapeti, Redio?

Eddy alikuna shingo, akashusha sauti.

— Basi mbwa wa mwisho hawakumtoa. Honi ya meli ililia, watu wakakimbia. Iko kazini mpaka leo.

Mama Epiphanie akaacha kumimina.

— Maze, ndugu yangu, chukua chumba, alisema Crispus. Mtoto atalala. Hiyo ingine ni historia.

Msichana mmoja mwanafunzi, Joyline, aliyesimama tu kungoja kahawa yake, akageuka.

— Samahani. Hapa Point panya wanapanda mpaka kwa zile ghorofa mpya. Hicho chumba kimezibwa?

— Hapana, alisema Pontien. Chini ya mlango mkono unapita. Jana niliacha mkate sakafuni, nijaribu. Asubuhi uko vile vile.

— Sasa wanaogopa nini?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, alizimika.

Simu ya Pontien ikalia. Wakala.

— Hapana, boss, alisema. Sisi tunabaki na panya wetu. Nitakesha mimi kando ya mtoto.